Mtoto anayekohoa kila mwezi: Je, kweli hana kinga?

"Daktari, huyu mtoto hana kinga. Mwezi hauishi bila mafua na kikohozi." Maneno haya nayasikia kila wiki hapa Chimala, kutoka kwa akina mama wa mashamba ya mpunga ya Usangu, kwa bibi wanaolea wajukuu, na kwa wanaoteremka na watoto mgongoni kutoka Matamba kwa barabara ya Hamsini na Saba. Mara nyingi mzazi anapofika kwangu ameshatumia fedha. Amenunua chupa ya "dawa ya kuongeza kinga" iliyouzwa kwenye basi, ametoa vidonge vya amoksilini nusu dozi mara tatu ndani ya miezi miwili, na wakati mwingine ameshampeleka mtoto kwa mzee wa kukata kimeo.

Ndugu msomaji, leo nataka tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu lina pande mbili na zote zinaumiza. Watoto wengi wanaoitwa "hawana kinga" wana kinga nzuri kabisa, nao wanalishwa dawa wasizozihitaji. Wachache wana tatizo la kweli katika chembe za kinga, na hao hupotea katikati ya wale wengi, wanatibiwa "mafua" mpaka mapafu yanaharibika. Kazi ya mzazi, na yetu sisi waganga, ni kuwatenganisha.

Mafua mangapi ni mengi?

Mtoto mwenye afya njema aliye chini ya miaka 5 anaweza kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayesoma chekechea, au anayelala chumba kimoja na ndugu wanaosoma, anaweza kufikisha mara 10 au hata 12. Mafua ya kawaida huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi chake kinaweza kubaki wiki mbili au zaidi kidogo.

Piga hesabu. Mara 8 kwa siku 10 ni siku 80 za makamasi kwa mwaka, karibu miezi mitatu. Siku hizo hazigawanyiki sawasawa. Nyingi hukusanyika wakati wa mvua na katika baridi ya Juni hadi Agosti, tunapofunga madirisha na kulala wengi ndani. Ndiyo maana mama anaona kama mtoto hajapona tangu Juni, kumbe ameugua mafua matatu tofauti yaliyofuatana.

Kuna virusi zaidi ya 200 vinavyoweza kuleta mafua. Wewe mtu mzima umeshakutana na vingi. Mtoto wako ndiyo kwanza anaanza kufahamiana navyo, kimoja baada ya kingine. Kila akipona, mwili wake unaweka kumbukumbu. Mafua hayo ndiyo darasa la kinga, na mtoto yuko shuleni.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Tazama mtoto akoje kati ya ugonjwa mmoja na mwingine. Kama anacheza, anakula, anaongezeka uzito, na mstari kwenye kadi ya kliniki unapanda, kinga yake karibu hakika inafanya kazi.

Askari wa mwilini na zamu zao

Ukielewa jinsi kinga inavyofanya kazi, hutadanganywa kirahisi na muuza chupa.

Hewa inapoingia, kwanza inakutana na ute na vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuelekea juu ili tuuteme au tuumeze. Kinachopita hapo kinakutana na walinzi wakazi wa mapafu, chembe kubwa ziitwazo makrofeji, ambazo humeza vumbi na vijidudu. Zikizidiwa, zinapiga kengele.

Wanaokuja kwanza kwa kengele hiyo ni neutrofili. Hizi ni chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na mwili wa mtu mzima hutengeneza takribani bilioni 100 kila siku kwa sababu maisha yake ni mafupi. Neutrofili hutoka kwenye mshipa, hutambaa hadi penye vijidudu, huvimeza na kuviua kwa sumu inayotengeneza ndani yake. Usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga ya askari hawa.

Nyuma yao wanakuja limfosaiti. Aina ya B hutengeneza kingamwili, yaani silaha inayomshika adui mmoja aliyetambuliwa. Aina ya T huongoza vita na kuua chembe za mwili zilizokwisha kuvamiwa na virusi. CD4 ambayo wengi mmeisikia kwenye kliniki za VVU ni kundi mojawapo la hizi T. Baada ya vita, baadhi ya B na T hubaki kama kumbukumbu.

Mtoto mchanga huzaliwa na chembe hizi zote, ila hazina uzoefu. Kwa hiyo mama humpa akiba. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kuingia kwa mtoto. Anayezaliwa njiti huikosa sehemu kubwa ya akiba hiyo. Kisha maziwa ya mama huongeza kingamwili za aina nyingine zinazolinda koo na utumbo. Akiba ya kondo hupungua kadiri mtoto anavyoelekea miezi 6, wakati kiwanda chake mwenyewe bado kinafanya kazi polepole. Hapo kinga yake hushuka kwa muda.

Jambo lingine: mtoto wa chini ya miaka 2 hawezi kutengeneza kingamwili nzuri dhidi ya bakteria waliojivika ganda la sukari, na bakteria mkuu wa nimonia, pneumokokasi, ni mmoja wao. Wataalamu waliliepuka tatizo hilo kwa kuunganisha sukari hiyo na protini, ili chembe T ziweze kuzisaidia chembe B kumtambua. Hiyo ndiyo chanjo ya nimonia ambayo watoto wa Tanzania wanaipata tangu 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama aliyekamilisha chanjo hizo amempa mtoto kinga ambayo hakuna chupa ya kwenye basi inayoweza kuitoa.

Karatasi ya FBP haisemi yote

Wazazi wengi huniletea karatasi ya kipimo cha picha kamili ya damu, FBP, yenye herufi H na L pembeni, wakiwa na hofu. Naomba mjue mambo matatu.

La kwanza, mashine nyingi hulinganisha damu ya mtoto na vipimo vya mtu mzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi karibu miaka minne, ni kawaida limfosaiti kuwa nyingi kuliko neutrofili. Mashine itaandika H na L, na mtoto ni mzima.

La pili, watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na neutrofili chache kidogo kwenye damu kuliko zinavyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani. Ni urithi, unaendana na aina ya damu iitwayo Duffy, wala hauleti maambukizi. Upungufu mdogo kwa mtoto anayekua vizuri si ugonjwa. Upungufu mkubwa ni suala jingine, na daktari atarudia kipimo.

La tatu ni kubwa zaidi: FBP huhesabu askari, haituambii kama wanajua kupigana. Upo ugonjwa wa kurithi uliotambuliwa miaka ya 1950 ambao neutrofili ni nyingi tu, zinameza bakteria vizuri, lakini haziwezi kutengeneza sumu ya kuwaua. Mtoto huyo hupata majipu ya ini, matezi yanayotoa usaha na nimonia za ajabu, huku karatasi ikionekana nzuri. Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, aliandika habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua mara kwa mara maambukizi mazito. Chembe nyeupe hazikuwa jibu. Kilichokosekana kilikuwa kingamwili. Alipoanza kuchomwa kingamwili za watu wengine, maambukizi yale yalikoma.

Kwa hiyo karatasi nzuri isikuzuie kurudi hospitali kama mtoto anaendelea kuugua vibaya, na karatasi yenye herufi L isikukimbize kununua dawa. Historia ya mtoto ina uzito kuliko zote mbili.

Kinachowachosha askari hapa kwetu

Magonjwa ya kurithi ya kinga yapo, lakini ni machache. Katika Nyanda za Juu Kusini, mara nyingi zaidi chembe za kinga za mtoto zinaharibiwa na mambo tunayoyafahamu.

Jiko la kuni ndani ya nyumba ni la kwanza. Moshi hulemaza vinyweleo vinavyofagia njia ya hewa na huchosha makrofeji, ambazo zikishashiba masizi hazimezi tena bakteria ipasavyo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani karibu unazidisha mara mbili hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Najua kwenye baridi ya Makete hakuna atakayekubali kuzima moto. Lakini mtoto anaweza kutolewa mgongoni wakati wa kupika, kuni zikaushwe vizuri kabla ya kutumika, na tundu la moshi lifunguliwe juu. Sigara ya baba ndani ya nyumba ni moshi uleule.

La pili ni lishe, na hapa nazungumza kwa uchungu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Huu ni ukanda unaolisha nchi. Malori ya mpunga na mahindi yanapita hapa Chimala kwenye barabara kuu usiku na mchana. Mtoto anayeshiba ugali na uji mweupe peke yake anajaza tumbo, lakini tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayowafunza askari wa aina ya T, husinyaa utapiamlo unapokuwa mkali. Ikirutubishwa, hurudi. Maharage, dagaa, yai, karanga zilizosagwa, parachichi na mboga za majani ndizo dawa za kuongeza kinga, na zipo sokoni kwetu. Kabla hujauza gunia la mwisho, baba, tenga kwanza chakula cha mtoto. Usiache pia matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

La tatu ni VVU. Utafiti wa taifa wa 2016 na 2017 uliitaja mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya kuwa na maambukizi ya juu kuliko mingine nchini: asilimia 11.4, 11.3 na 9.3. Mtoto mwenye nimonia za kujirudia katika mikoa hii anapaswa kupimwa VVU, hata kama mama alipimwa akiwa mjamzito akaonekana hana, kwa sababu mama anaweza kuambukizwa wakati ananyonyesha. Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa kwa tone la damu akiwa na wiki 4 hadi 6, na hufuatiliwa hadi baada ya kuacha kunyonya. Kipimo hicho si hukumu. Kati ya sababu zote za chembe za kinga kushindwa, hii ndiyo tunayoitibu vizuri zaidi: akianza dawa mapema, CD4 zake hupanda naye hukua. Anayecheleweshwa kwa sababu watu wazima wanaogopa aibu ndiye tunayempoteza.

La nne ni surua. Utafiti uliochapishwa 2019 kwa watoto wasiochanjwa ulionyesha kuwa surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Darasa lote la miaka miwili linafutwa kwa wiki chache. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo wengi mnaisahau kwa sababu mtoto ameshatembea.

Kimeo hakina kosa

Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Hakigusi mapafu. Mtoto akikohoa sana kinaweza kuonekana chekundu au kirefu, kwa sababu koo lote limevimba. Kukikata hakuondoi virusi, hakuondoi pumu, hakuondoi kifua kikuu. Kunachoweza kuleta ni kuvuja damu hadi kufa, pepopunda, maambukizi ya koo, na VVU au homa ya ini kutoka kwenye kisu kilichotumika kwa mwingine. Wanaosema "wangu alikatwa akapona" wasahau kwamba mafua hupona yenyewe ndani ya wiki mbili. Mkato ulimkuta mtoto yuko njiani kupona.

Nawaheshimu bibi zetu wanaoshauri hivi, kwa kuwa wanampenda mtoto. Nawaomba wamshauri mama aende zahanati. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali kutuliza kikohozi. Chini ya mwaka mmoja, asali ni marufuku.

Kuhusu antibayotiki, haziui virusi vya mafua. Nusu dozi huacha bakteria wagumu nyuma, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli dawa ile ya kwanza haitashika.

Nani anahitaji uchunguzi wa kina?

Mpeleke mtoto kwa daktari, na useme wazi kwamba unahofia kinga yake, ukiona mojawapo ya haya:

- Nimonia iliyothibitishwa mara 2 au zaidi ndani ya mwaka mmoja.
- Masikio kutoa usaha au kuugua mara 4 au zaidi kwa mwaka.
- Kutumia antibayotiki miezi 2 au zaidi bila nafuu ya maana.
- Majipu makubwa au ya ndani yanayojirudia, au tezi la kwapani upande wa chanjo ya BCG linalovimba na kutoa usaha. (Kidonda kidogo cha BCG kinachoacha kovu begani ni cha kawaida.)
- Utando mweupe mdomoni usioisha baada ya umri wa mwaka mmoja.
- Kutoongezeka uzito, au mstari wa kadi kushuka.
- Ndugu waliofariki wakiwa wadogo kwa maambukizi. Ulizeni hasa upande wa wajomba, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya kinga hubebwa na mama na kuwapata wavulana. Familia zilizozika watoto wa kiume wawili au watatu zisitafute mchawi, na mama asilaumiwe. Zimlete aliye hai apimwe.

Kabla ya kufikia kinga, daktari atatazama pia mambo mengine. Nimonia inayorudi mahali palepale pa pafu lilelile mara nyingi si kosa la askari. Inaweza kuwa punje ya mahindi au karanga iliyopaliwa na kubaki njia ya hewa, au kifua kikuu. Maambukizi yanayohamahama, leo pafu, kesho sikio, keshokutwa ngozi, ndiyo yanayotufanya tufikirie chembe za kinga. Mtoto anayekohoa usiku, anayetoa mlio wa filimbi kifuani na kubanwa wakati wa vumbi la pumba anaweza kuwa na pumu iliyoitwa nimonia mara tano. Anayekoroma na kulala mdomo wazi huenda ana nyama za puani. Na mtoto mwenye selimundu, bandama lake halifanyi kazi, hivyo anahitaji penisilini ya kinga na chanjo zote.

Daftari la shilingi mia chache

Vipimo vya kujua utendaji wa chembe za kinga havipo kwenye zahanati, na sitawadanganya kwamba vitafika kesho. Lakini hatua ya kwanza haivihitaji. Nunua daftari dogo. Kila mtoto akiugua, andika tarehe, dalili, homa, mahali alipotibiwa, dawa aliyopewa na siku aliyopona. Lihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Baada ya miezi 6 daftari hilo litaonyesha ama mtoto wa kawaida aliye darasani, ama mtoto wa kupewa rufaa kwenda Mbeya bila kupoteza mwaka mwingine.

Wahudumu wenzangu, nasi tuna deni. Tusiandike "nimonia" bila kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa sababu idadi ya nimonia ndiyo inayoamua nani achunguzwe. Na tusimwambie mzazi "mtoto ana kinga ndogo" kisha tukamfungulia mlango aondoke. Maneno hayo bila maelezo ndiyo yanayompeleka kwa mkata kimeo.

Baba na mama, usisubiri daftari wala siku ya kliniki ukiona haya: mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, analegea au hazinduki vizuri, amepata degedege, kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, au anapumua haraka. Haraka maana yake ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5. Hesabu akiwa ametulia, kwa saa ya simu yako. Ikifika hapo, iwe mchana au usiku wa manane, mpeleke kituo cha karibu.